Kila Kiganja na Mtani Wake

Sherehe isiyo na MC ni kikao cha wazazi shuleni. Nasema hivyo bila aibu, maana MC mwenyewe ni mimi, Sikudhani Pazi, Mzaramo wa Kibaha, na Jumamosi ile nilikuwa nazindua jengo la ghorofa sita ambalo lilikuwa bado halipo.

Msinishangae. Bibi yangu alikuwa akinisimulia kwamba zamani jengo lilizinduliwa likiwa limeshapakwa rangi, mgeni rasmi anakata utepe, watu wanakunywa soda, wanarudi makwao. Siku hizi uzinduzi ndio unaolileta jengo lenyewe. Nyuma ya jukwaa langu lilisimama tangi la benki, refu kama lori, na ukilitegea sikio unawasikia wakitembea ndani: mchwa. Si mchwa wa Mungu. Hawa wametengenezwa kiwandani, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, na kazi yao ni kutafuna udongo na kutema ukuta. Ukiwafungulia asubuhi, jioni una msingi. Ndiyo maana watu wakayaita majengo yao vichuguu, na jina likakaa.

"Mikorosho oyee!" nikapaza sauti.

"Oyee!"

"Siwasikii! Au mmehamia kwa mashemeji mkasahau sauti zenu huko?"

Wakacheka, lakini nilikuwa nimewagusa penyewe. Hawa walikuwa watu wa mtaa mmoja, Mtaa wa Mikorosho, wapangaji wa miaka mingi kwenye vyumba vya marehemu Mzee Kibwana. Vyumba vilipochakaa vikabomolewa, nao wakatawanyika, huyu kwa dada yake, yule kwa mkwe, mwingine uani kwa rafiki. Warithi wa kiwanja waliwapa nafasi moja tu. Wakizindua jengo lao kabla ya adhana ya magharibi siku ile, kiwanja ni chao. Wakishindwa, kinauzwa kwa kampuni inayotaka kujenga bohari la ndege ndogo za kusambaza mizigo. Kwa hiyo walicheka, lakini roho zilikuwa juu.

Mbele yangu mezani palikuwa na kigae cheusi, upana wake kama sahani ya pilau. Huyo ndiye Shahidi. Benki ziliacha kuomba hati za mshahara siku watu walipoanza kuzighushi vizuri kuliko ofisi zinazozitoa. Sasa unaweka kiganja, unataja nyumba unayoitaka, na Shahidi anasoma mapigo, jasho na mtetemo wa mishipa mpaka ajue kama moyo umekubaliana na mdomo. Ukiwa mkweli kigae kinawaka kijani, na nyumba yako inawaka kwenye ubao mkubwa. Ghorofa zinatakiwa zijae kuanzia chini kwenda juu bila pengo, na benki haifungui tangi kwa chini ya ghorofa nne. Mwishoni MC anasema, "Shahidi, funga," na hapo ahadi zote zimefungwa, hata uende kwa mganga. Kabla ya maneno hayo unaweza kuondoa kiganja chako. Baada yake huwezi. Ufunguo wa yote hayo ni sauti yangu, kwa leseni ya benki. Na malipo yangu hutokana na wingi wa taa za kijani, nalo niliseme kabisa.

"Dada Sikudhani," akaninong'oneza Injinia Kaijage, mchoraji na msimamizi wa mradi, kijana wa Kihaya aliyevaa suti ya rangi ya maziwa katika vumbi lote lile. "Ghorofa sita. Usiniangushe."

"Wewe simama pembeni upendeze. Kazi niachie mimi."

Nikamgeukia DJ Maganga, Mnyamwezi wangu, mwenzangu wa kazi tangu nilipoanza kushika kipaza sauti. "Mbeba mizigo, washa!"

"Nimekusikia, mcheza ngoma!"

Muziki ukaanza.

*

Kumpasha mtu moto ni kazi ninayoijua. Ukitaka aahidi, usimfuate faraghani. Mwite kwa jina mbele ya watu anaowaheshimu, msifie, kisha nyamaza. Kamati zote za harusi za nchi hii zinaendeshwa hivyo. Hakuna anayeitwa jina lake kikaoni akajibu "sina." Anataja kitu kikubwa, anapigiwa makofi, anakaa, mengine atayajua mbele ya safari. Na wenye harusi wanalijua hilo, wanapika kwa makadirio yao wenyewe, na hakuna anayedhurika.

"Yuko wapi baba wa mtaa?" nikauliza. "Yuko wapi Mangi wetu?"

Mzee Aloisi Tarimo akainuka, akaiweka sawa kofia yake. Huyu ndiye aliyekuwa na duka la Mtaa wa Mikorosho, Mchaga wa Marangu, na hakuna mtoto pale ambaye hakuwahi kupewa peremende naye. Akaja mpaka mezani huku watu wakimshangilia, akaweka kiganja.

"Nachukua mbili!" akasema. "Ghorofa ya tatu. Moja ya kuishi, moja ya wageni!"

Kigae kikawaka kijani kabla hajamaliza sentensi. Vigelegele vikapanda. Hapo mashindano yakaanza kama nilivyotarajia. Mwalimu Hokororo, mstaafu, akasema kama Mangi ni mbili basi yeye anataka ya kona, tena kubwa. Kassimu fundi bomba akapanda jukwaani akicheza, akachukua yenye roshani. Wakaja wengine wakifuatana, kila mmoja kwa madaha yake, na ubao ukajaa taa ghorofa baada ya ghorofa mpaka ya sita ikabaki na nyumba mbili tu. Nilikuwa na furaha mno. Nilimwona Kaijage akipiga picha ubao wake na nikampungia mkono.

Ndipo macho yangu yakamwangukia Bi Nakijwa Mbwambo. Alikuwa Mpare, mama mpishi, na pilau ya siku ile ilikuwa yake. Nyumba yake ilikuwa imewaka ghorofa ya nne, juu kabisa ya zile mbili za Mangi. Alikuwa akipiga makofi kwa adabu kama mgeni.

Nikashtuka. Kwa wasiojua, Mpare na Mchaga ni watani, na hawa wawili walikuwa watani wa kuitwa watani. Kwa miaka yote Mangi hakuwahi kumwamkia Bi Nakijwa bila kuulizwa salamu hiyo ni bei gani. Leo kachukua nyumba mbili kwa mkupuo, na yeye hajasema neno. Mtani akinyamaza, ujue pana jambo.

"Maganga," nikasema, "wape muziki wacheze kidogo."

*

Nilimkuta nyuma ya masufuria.

"Bi Nakijwa, unaumwa?"

"Mzima, mwanangu."

"Mchaga kachukua nyumba mbili mbele ya macho yako, na hujamchokoza."

Akakoroga pilau ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Yale maboksi ya dukani kwake," akasema polepole, "yaliyopangwa mpaka darini. Juzi nilitaka sabuni. Nikamwonea huruma na mgongo wake, nikalivuta boksi mwenyewe. Nusura nianguke chali. Ni tupu, Sikudhani. Yote. Anayapanga watu wasijue."

"Lakini Shahidi kasema ni mkweli!"

"Mkweli ni mkweli. Anazitaka nyumba zile jamani, nani asiyezitaka?"

"Sasa mbona hukusema? Wewe ndiye mtu pekee hapa unayeweza kumwambia, na yeye akacheka."

Akaweka mwiko chini. "Kwa sababu niko juu yake. Nikisema, ghorofa ya tatu inatoboka, na yangu inaning'inia. Mimi nalala sebuleni kwa mkwe wangu. Unajua kulala sebuleni kwa mkwe? Unaamka kabla ya kuku ili asikukute umelala." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kanga. "Nimechoka, mwanangu. Nataka mlango wangu."

Nilijua jambo ambalo wote wawili tulikuwa hatulitaji. Mwenye nyumba akishindwa kuilipa benki kama alivyoahidi, mchwa hurudi. Wanaila nyumba yake ukuta kwa ukuta ili benki ipate udongo wake, na kwa kuwa hakuna nyumba inayoelea hewani, walio juu yake huteremshwa pia, hata kama wao wametimiza kila kitu. Niliyashuhudia kwenye Jengo la Neema, mtaa wa pili. Watu walisimama barabarani na magodoro yao wakitazama jiko la mtu likiliwa. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Wote walikuwa wamewaka kijani.

Kaijage akatokea, jasho limemtoka. "Dada, tufunge sasa! Hizo mbili za juu nitazipatia watu."

Nikamweleza. Akasikiliza, akatazama jua.

"Shahidi hakosei," akasema.

"Hakosei. Ila anasoma moyo wa saa hii, Injinia. Wa kesho asubuhi hausomi. Na moto wa saa hii nimeuwasha mimi."

"Kwa hiyo tuwapekue mifuko hadharani? Watu wazima hawa? Watakasirika, waondoke, na ikilia adhana hapa linajengwa bohari. Huyu mama atarudi kwenye sebule ya mkwe wake. Hiyo nayo ni haki?"

Swali lake lilikuwa la kweli, na liliniuma. Nikifunga, nimewapandisha watu juu ya maboksi matupu. Na si Mangi peke yake. Wangapi wengine walikuwa wameahidi kama wapo harusini? Nikikataa kufunga, nimewanyang'anya kiwanja. Na nikimsema mzee wa watu jukwaani, mimi nisiye mtani wake, nimemvunjia heshima yake mbele ya mtaa mzima, na hatanisamehe, wala mimi sitajisamehe.

Spika zikakoroma. Ilikuwa sauti ya Maganga: "Wapendwa, msimtafute MC wetu. Ni Mzaramo, kaona sufuria! Tukimaliza uzinduzi atakuwa amemaliza nyama!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Bi Nakijwa akacheka na machozi yake. Nami nikacheka, kwa maana sikuwa na uwezo wa kukasirika; yule ni mtani wangu. Na katikati ya kicheko nikamshika Bi Nakijwa mkono.

"Twende," nikamwambia. "Una kazi."

*

"Jamani!" nikasema kwenye kipaza sauti. "Mpaka sasa tumeahidi kama kwenye kamati ya harusi, na mmependeza. Lakini harusi ni siku moja, na humu tutalala. Kila kiganja kirudi hapa mezani, tena kije na mtani wake. Mpare na Mchaga wake, Mnyamwezi na Mzaramo wake. Asiye na mtani ana mjukuu. Asiye na mjukuu ana shemeji. Mtani aseme analolijua. Na mwenye kiganja akikasirika, faini ni kuku!"

Kaijage akashika kichwa kwa mikono miwili. Lakini watu walishaanza kusukumana kwa hamu, kwa kuwa hakuna burudani inayoshinda hiyo.

Akatangulia Mwalimu Hokororo na mjukuu wake wa kike, binti mwenye ulimi. "Babu, nyumba ya kona ya nini? Pensheni yako yote inaishia kwenye redio mbovu. Unataka kona ya kuwekea redio?"

"Ni redio za kale!" Mwalimu akajitetea.

"Za kale, na hazilii!"

Mwalimu akacheka mpaka meno ya bandia yakamsumbua. Akaondoa kiganja kwenye ile ya kona, akaomba ndogo yoyote itakayoachwa wazi chini. Kijani. Kassimu fundi bomba akaja na shemeji yake, mdogo wa mkewe. "Shemeji, ngoma unaijua, hilo sikunyimi," akasema yule dada. "Lakini mwenye akiba nyumbani kwenu ni nani? Mwite aweke mkono yeye." Mkewe akasukumwa mbele akijifunika uso kwa aibu, akaweka kiganja, na kigae kikawaka. Kassimu ndiye aliyepiga kigelegele kikubwa kuliko wote.

Wakaja wengine. Wengi taa zao zilibaki. Baadhi zilizimika, na waliozizima walirudi kwenye viti vyao wakipigwa mabega, wepesi kuliko walivyokuja.

Kisha Mangi akaja, na Bi Nakijwa akasimama pembeni yake.

"Mangi," akaanza. "Nyinyi Wachaga mnajisifu mnajua biashara. Sisi Wapare mnatuita mabahili. Haya, niambie, Mpare gani uliwahi kumwona anauza hewa?"

Watu wakacheka, wakidhani ni yale yale ya kila siku.

"Hewa, jamani! Kaifunga kwenye maboksi, kaipanga mpaka darini! Nimelivuta moja nikaruka nalo!"

Kicheko kikapungua polepole, kila mtu kwa wakati wake alipoelewa. Mangi alisimama na kiganja chake juu ya kigae. Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili na nikaogopa kama sijawahi kuogopa jukwaani. Akamgeukia Bi Nakijwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka tumboni.

"Mpare wewe! Yaani ulisubiri mpaka nipande jukwaani?"

"Nilisubiri wapatikane watu wa kutosha."

Akacheka tena, akavua kofia, akajifuta macho, na akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. "Ni kweli, jamani," akatuambia. "Duka lilikufa tangu ndege zianze kushusha unga mlangoni kwa kila mtu. Nilishindwa kuwaambia. Nilishazoea kuwa Mangi."

"Na nani kasema umeacha?" Bi Nakijwa akamkemea. "Sema unachoweza."

"Chumba kimoja. Chini kabisa, karibu na barabara. Hicho nakiweza hata kwa kuuza vitumbua."

"Vitumbua vyako vitakuwa vidogo, lakini tutakula."

Kigae kilichukua muda zaidi safari hii. Kikawaka. Watu walimbeba mzee wa watu juu juu, kofia ikaangukia kwenye spika, na mimi nilipiga kelele kama mtoto.

*

Waliobaki juu wakakubali kushuka kujaza mapengo, na tulipotazama ubao, ghorofa tatu zilikuwa zimejaa. Ya nne ilikosa nyumba moja, ile ya ubavuni kwa Bi Nakijwa. Ya tano na ya sita zilikuwa giza tupu.

"Injinia!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Mhaya bila ghorofa sita atalala kweli?"

Kaijage akavua koti lake la rangi ya maziwa, akalitupa kwenye kiti. Akazifuta ghorofa mbili za juu kwa mkono wake mwenyewe, nami nikajua ilivyomuuma. "Atalala," akasema. "Nipeni mtu mmoja."

Nikaita. Nikasifia, nikabembeleza. Hakuna aliyeinuka, na safari hii nilifurahi kwamba hakuna aliyeinuka kwa sababu ya kuitwa tu. Lakini jua lilikuwa limeshagusa mabati ya majirani. Mchoraji haruhusiwi kuweka kiganja kwenye jengo lake. Nikawa sina pa kukimbilia.

Mangi akanichukulia kipaza sauti mkononi. "Mimi leo nimevuliwa nguo mbele yenu," akasema. "Sasa, na MC je?"

"MC! MC!" wakaitikia.

Benki imemkataza mchoraji, lakini haikumkataza MC, nadhani kwa kuwa hakuna aliyewahi kujiuliza MC analala wapi. Nalala chumba cha kupanga. Nimezindua vichuguu visivyo na idadi na sijawahi kuweka kiganja popote. Furaha mimi naipika kila Jumamosi, najua viungo vyake vyote, na ndiyo maana yangu mwenyewe sikuwahi kuiamini.

Maganga akauzima muziki. Akashuka mezani kwake, akaja kusimama pembeni yangu.

"Mzaramo na nyumba, wapi na wapi?" akaanza. "Ngoma ikilia Bagamoyo, huyu anaacha mlango wazi na maharage jikoni!" Watu wakacheka. Akangoja wanyamaze. "Huo ulikuwa utani. Sasa nasema ninalolijua. Uwezo anao. Kila tunachopata tunagawana, na hana anachokitumia ila viatu. Kinachomshinda ni woga. Anatupasha moto sote, halafu anarudi chumbani kwake kula wali uliopoa."

Nilitaka kumjibu. Kila siku nina jibu la Maganga. Nikaweka kiganja.

"Ghorofa ya nne," nikasema. "Ubavuni kwa Bi Nakijwa."

Kigae kilikuwa baridi, na hakikuwaka. Hapakuwa na ngoma wala kigelegele. Nikataka kuuondoa mkono.

"Tulia," akasema Maganga.

Nikawatazama. Mangi alikuwa amekumbatia kofia yake. Bi Nakijwa alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Hakuna aliyekuwa ananisifia wala kunisukuma. Walikuwa wananingoja tu. Nikajiona naamka asubuhi na kumsikia huyu mama anagombana na sufuria zake upande wa pili wa ukuta, na nikajua kwamba nalitaka hilo, nalitaka sana, na ningelitaka hata kesho.

Kikawaka.

Msikitini muadhini akakohoa kwenye spika, akijiandaa.

"Funga!" kiwanja kizima kikapiga kelele. "MC, funga!"

Nikafungua mdomo, na sauti haikutoka. Nilikuwa nalia. Sauti yangu ndiyo ufunguo, hakuna mwingine mwenye nao. Kaijage akaanza kurukaruka. Bi Nakijwa akaja akanipiga mgongoni kwa kiganja kizima, kama anavyopigwa mtoto aliyepaliwa.

"Mzaramo! Yaani leo ndiyo siku ya kukosa maneno?"

Nikacheka, na kwenye kicheko sauti ikarudi.

"Shahidi, funga!"

Adhana na mlango wa tangi vilifunguka pamoja. Mchwa wakamwagika, weusi, wengi, na watu wakanyanyua miguu na watoto wao kuwapisha, wakicheka kwa woga na furaha. Walipofika kwenye mstari wa chokaa wakageuka wote kwa pamoja, wakaanza kutafuna. Tukasimama tukitazama ukuta wa kwanza ukipanda mpaka kwenye vifundo vya miguu yetu, kisha mpaka magotini, na hakuna aliyetaka kwenda kula pilau.

Bi Nakijwa akanishika mkono, akaniuliza kama nakoroma, maana ukuta wetu utakuwa mmoja.

Nikamwambia ukweli.